Jiwe Lilikunywa, Mimi Nikatazama

Kama leo umeambiwa figo zako zimekufa, utatafuta kwanza mtu wa kukuhakikishia kwamba utapona. Mimi si mtu huyo. Ninachoweza kukupa ni mambo madogo. Vaa nguo yenye mikono mipana. Beba leso nzito, kwa sababu mashine hurudisha damu mwilini ikiwa imepoa, na baridi yake huanzia ndani. Usikae kwenye kiti kilicho karibu na bomba. Hilo la bomba nitalieleza. Nitaeleza na habari za Mungu, maana utaulizwa, na watakaokuuliza ni watu wanaokupenda.

Nyumbani kwetu Kitale tunasema Kigujarati. Lakini ugonjwa wangu niliuishi kwa Kiswahili, katika chumba chenye viti vya plastiki mjini Bungoma, na walionishika mkono walinishika kwa lugha hiyo. Ndiyo maana naandika hivi.

Nilizaliwa Bungoma, baba yangu akiwa na duka la vitambaa. Niliolewa Kitale na Dilip, anayeuza vipuri vya matrekta. Mama yake tunamwita Ba, ndilo neno letu la mama. Siku ya kwanza niliyoingia nyumba ile, kabla hajanionyesha jiko, Ba alinionyesha jiwe. Ni jiwe jeusi, laini, la ukubwa wa yai la bata mzinga, limekaa juu ya sinia ya shaba katika chumba kidogo cha ibada. Kwetu ni Shiva mwenyewe. Kila asubuhi, baada ya kuoga na kabla ya chai, mke wa nyumba hujaza maji katika chombo kidogo cha shaba kiitwacho lota, kisha huyamimina juu ya jiwe polepole huku akilitaja jina lake. Ba aliniachia kazi hiyo siku ileile. Niliifanya kwa zaidi ya miaka ishirini, na sikuifanya kwa mazoea. Nililipenda lile jiwe. Kila Jumatatu nilifunga. Binti yetu Rupa alipougua malaria akiwa mchanga nililala sakafuni mbele ya jiwe, mtoto akapona, nikaamini tumeelewana.

Nasema haya usije ukadhani niliugua nikiwa mtu wa imani ya kubahatisha.

Ugonjwa ulinikuta katika mwezi wetu wa kufunga kwa ajili ya Shiva, mvua zikinyesha kila alasiri na mahindi ya Trans-Nzoia yakianza kutoa ndevu. Miguu ilivimba hadi kandambili zikaacha alama. Chakula kikawa na ladha ya sarafu. Uso wangu ukajaa, na wanawake wenzangu hekaluni wakanisifu, wakasema kufunga kumening'arisha. Nilirudi nyumbani nimefurahi. Yalikuwa maji, yamekosa pa kutokea.

Kufikia msimu wa kuvuna nilikuwa na mpira wa kupitishia damu shingoni. Nafasi ya kwanza ya mashine ya kusafisha damu iliyopatikana ilikuwa Bungoma, katika kliniki ya mtu binafsi, Jumanne na Ijumaa. Dilip alinipeleka, tukipita Kiminini na Kamukuywa, na mdogo wangu Mahesh, anayeishi bado katika nyumba ya baba, alinirudisha. Mahesh hajaingia hekaluni tangu tulipouchoma mwili wa baba yetu. Anakula nyama, anakunywa bia, na kwa sababu hiyo Ba hakuwahi kumruhusu jikoni kwake. Alikuwa akinywea chai yake barazani, akicheka.

Sasa nieleze kiu, kwa sababu hakuna aliyenieleza.

Niliruhusiwa glasi ndogo tatu za maji kwa siku. Dilip alinichagulia glasi moja ya chuma na kuikwaruza mstari kwa msumari. Supu inahesabiwa. Chai inahesabiwa. Hata ukimeza dawa, lile funda linahesabiwa. Wiki ya kwanza utadhani ni mchezo. Baadaye ulimi unakuwa kitu cha mtu mwingine kilichowekwa kinywani mwako. Nilijifunza kunyonya kipande cha barafu, kulamba limau, kusukutua na kutema. Kutema kulikuwa kugumu kuliko kufunga kote nilikowahi kufunga.

Katika chumba cha kungojea pale kliniki kulikuwa na bomba lililovuja. Tone, kimya, tone. Sote tuliokaa pale tulikuwa na kiu, na hakuna aliyezungumza, tulisikiliza. Siku moja sista wa zamu alikuja na kitambaa, akakifunga kwenye mdomo wa bomba na kukining'iniza hadi chini ya beseni, maji yakashuka kwa kitambaa bila sauti. Kisha akarudi kazini. Nimesikia mahubiri mengi juu ya huruma. Naikumbuka ile.

Pale ndipo nilipokutana na Nafula, mama wa Kamukuywa aliyekuwa akiuza mitumba sokoni kabla miguu haijamshinda. Yeye na herufi l na r hawakuwahi kuelewana. Alinitazama siku ya kwanza, akanyoosha kidole kwenye karatasi yangu ya vyakula vilivyokatazwa.

"Wewe Mhindi umezoea kukosa nyama," akasema. "Sisi ndio tunaumia, bana."

Nilimsimulia habari za lile jiwe, kwamba kila asubuhi nalimiminia maji lota nzima, nikiwa na kiu, kisha narudi jikoni kupima yangu. Alicheka mpaka akashika ubavu.

"Mama Rupa, ati jiwe inakunywa na wewe unatazama? Si umwambie apunguze." Kisha akafikiri kidogo. "Lakini hata mimi. Yesu alibadirisha maji ikakuwa divai, na hata hiyo daktari amekataza."

Nilicheka pia. Nilikuwa sijacheka tangu mahindi yavunwe. Lakini kesho yake asubuhi, nikiwa nimeinama mbele ya jiwe, maneno yake yalirudi. Maji yalishuka juu ya weusi ule laini, yakang'aa, yakaingia sinia. Niliyasikia yakianguka. Ulimi wangu ulikuwa umegandia kaakaa. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwonea Mungu wivu.

Mwili nao ulikuwa ukibadilika. Ngozi ilikuwa nyeusi kama ya mtu aliyeunguzwa na jua, na nilijikuna mpaka shuka zikapata madoa. Mkononi walinikatia na kuniunganishia mishipa ili mashine ipate pa kushika, na mahali pale pakawa panatetemeka, ukigusa unasikia mvumo kama wa nyuki. Ba aliweka sikio lake pale siku moja, akafumba macho.

"Inasema Om," akaniambia, lile neno takatifu tunaloanzia sala.

"Ni damu, Ba."

"Na damu ikisema Om, kuna ubaya?"

Wakati huo bado niliweza kumvumilia.

Wanawake wa hekaluni walikuja kunitazama, wakaleta matunda nisiyoruhusiwa kula. Mmoja, kwa upole kabisa, alisema tunavuna tuliyoyapanda katika maisha yaliyopita, nami nifurahi kwamba deni linakwisha. Nilimwuliza maisha yake yeye yaliyopita yalikuwaje hata akastahili figo mbili. Dilip alinitoa chumbani. Nilipomhadithia Nafula, alisema kanisani kwao ni vilevile, tofauti ni jina tu: kwetu ni matendo ya zamani, kwao ni jirani amekuroga. "Hakuna mtu anakubari figo ni figo," akasema.

Usiku Mkuu wa Shiva huangukia kiangazi, vumbi likiwa limeijaza Kitale na wakulima wakingojea mvua ya kupandia. Mwaka ule ulianguka Jumatatu. Ba alipanga ibada kubwa ya kuniombea, akaalika kuhani kutoka Eldoret, na zile familia chache zilizobaki mjini zikaja. Tulilikogesha jiwe kwa maziwa, asali, na maji ya nazi. Mwisho wa ibada kile alichopewa Mungu hugawiwa watu. Tunakiita prasad. Haiulizwi ni nini, wala haikataliwi. Unapokea kwa kiganja cha kulia na unameza pale pale, maana kuikataa ni kumrudishia Mungu mkono wake.

Kiganjani mwangu walinimiminia maji ya nazi, wakaongeza ndizi iliyopondwa. Yeyote anayesafishwa damu anajua vitu viwili vya kuogopa kabla ya vingine vyote ni hivyo. Vina chumvi ambayo figo zilizokufa haziwezi kuitoa, nayo husimamisha moyo. Nilisema kwa sauti ndogo kwamba siwezi. Watu wote walisimama na viganja vyao. Dilip alitazama sakafu.

"Beta," Ba akaniambia, kama anavyomwita mtoto wake, "hiki si chakula. Kimekwisha pita kwa Mungu. Hakiwezi kukudhuru."

Nikameza. Ba akakijaza kiganja tena, na maziwa yake, na nazi yake, kwa mapenzi.

Kesho yake asubuhi tulipofika Kamukuywa miguu yangu ilikuwa haininyanyukii. Tulipofika kliniki Dilip alinibeba. Daktari alitazama karatasi ya moyo, akaacha kuzungumza kwa upole wake wa kawaida. Mashine zote zilikuwa na watu isipokuwa moja, na aliyekuwa ameitwa ni Nafula. Alikuwa amekwisha vua sweta. Akalivaa tena.

"Aanze huyu," akasema. "Mimi nitangoja."

Jioni, nilipoweza kusema, aliniuliza nilikula nini. Nikamwambia ni chakula cha Mungu. Hakucheka.

Niliporudi nyumbani Ba alinipokea mlangoni na taa, akaizungusha mbele ya uso wangu, akasema Shiva ameniokoa. Kuhani, akaongeza, amesema bila ile prasad ningekufa.

"Shiva wako alinipa sumu," nilimwambia, "na mkono uliotumika ni wako. Sitalimiminia tena lile jiwe tone moja."

Hakuomba msamaha, siku hiyo wala nyingine. Asubuhi nilisikia kutoka kitandani maji yakianguka juu ya sinia. Alikuwa amechukua kazi yangu.

Mvua ilikuja, watu wakapanda. Tuliishi nyumba moja kama wapangaji. Nilikuwa na nafasi nyingi ya kutazama, na kutazama ndiyo kazi pekee ambayo ugonjwa haukuninyang'anya. Nikaona midomo ya Ba imepasuka. Nikaona anaacha chai ipoe, kisha anaimwagia miwaridi. Nikaona anashika ukuta akiinuka. Nilidhani ni uzee, mpaka siku niliyomkuta jikoni na glasi yangu, ile yenye mstari wa msumari. Aliijaza hadi kwenye mstari, akanywa, akaiosha, akaifunika. Mchana akaja tena. Jioni tena. Baada ya hapo hakunywa kitu.

Nilimwuliza anafanya nini.

"Mdomo ulioniponza nikakuambia meza," akasema, "ndio nimeufunga."

Alikuwa ameweka nadhiri tangu siku ile niliyorudi kutoka kliniki. Atakunywa kadiri ninavyokunywa mimi, bila kuzidi, mpaka siku nitakapoijaza lota kwa mkono wangu mwenyewe na kumimina. Hayo ndiyo maneno aliyomwambia Mungu, na nadhiri, kwetu, hushikwa kwa maneno yake.

Unaweza kudhani nililainika. Nilishikwa na hasira kubwa kuliko zote. Mimi nilikuwa mgonjwa, sasa nimepewa na kiu ya mtu mwingine niibebe.

"Kiu yako hainipunguzii yangu hata tone," nikamwambia.

"Najua," akasema Ba.

Nilipomwambia Mahesh, alicheka, kisha akaacha. "Kwa hiyo mnakauka wawili kwa jiwe moja," akasema. "Ben, mmoja wenu ainame." Ben ni dada. Sikuinama. Nilimwambia Dilip amlazimishe mama yake, naye akaniomba nimimine tu, hata kwa kuigiza. Hivyo ndivyo tulivyopitisha mvua za masika, kila mtu akimtaka mwenzake atoe kitu asichokuwa nacho.

Nafula alikufa mwezi wa baridi. Nitasema wazi kwa sababu watu hutafuta sababu: hakuacha mashine, hakula kilichokatazwa, hakunywa kupita kiasi, na aliomba kila siku. Alikufa tu. Jumanne nilimkuta mtu mwingine katika kiti chake. Nilikwenda Kamukuywa kuzika. Mhubiri alisema Mungu alimpenda zaidi yetu, nikakasirika kwa niaba yake, maana najua angejibu nini. Sisi huwachoma wafu wetu, sijui kuzika, lakini walipopeana udongo nilichukua na mimi nikautupa.

Nyumbani nilimwambia Ba. "Yule aliyekupa nafasi yake?" akauliza. Nikaitika. Akaenda chumba cha ibada, nikasikia maji. Nilitaka kumpigia kelele kwamba Nafula asingetaka maji yamwagwe bure, Nafula angetaka kuyanywa. Niliuma leso.

Mwaka ule hakuna aliyenisifu uso katika mwezi wa kufunga. Ba alianguka mara mbili. Daktari aliyeitwa alisema mwili wake umekauka, anywe maji, na Ba akamshukuru, akamkaribisha chai.

Wakati wa kuvuna Mahesh alipimwa bila kuniambia, ikaonekana figo yake inanifaa. Alikuja Kitale kutupa habari, akasimama barazani kama kawaida yake. Ba alitoka, akamshika mkono, akamwingiza mpaka jikoni, akamketisha karibu na jiko.

"Umekula?" akamwuliza.

"Nimekula mbuzi, Ba," Mahesh akasema. "Nisikudanganye."

"Basi kula tena," Ba akasema, akaanza kumkandia unga wa chapati.

Walitufanyia Nairobi. Sitaeleza upasuaji, nililala. Naeleza nilipoamka: mfuko pembeni mwa kitanda uliokuwa ukijaa rangi ya chai nyepesi, na sista akiuinua nione, anatabasamu kama anayeonyesha mtoto mchanga. Kisha akaniletea jagi. Daktari ameamuru ninywe, akasema, ninywe bila kupima. Nililia glasi ya kwanza yote, machozi na maji, nikakumbuka nina ruhusa hata ya machozi. Mahesh, kitanda cha pili, tumbo limefungwa, akanionya.

"Ben, hiyo figo imezoea bia. Usije ukaishtua na maziwa ya Shiva."

Wiki zile nilikunywa mchana kutwa. Na kila jioni Dilip alipopiga simu nilimwuliza juu ya mama yake, na kila jioni jibu lilikuwa glasi tatu. Mtu angesema nadhiri imekwisha, mgonjwa amepona. Ba hakusema hivyo. Aliahidi mpaka nimimine.

Nilirudi Kitale kiangazi, mabua yakiwa yamechomwa mashambani. Ba alikuwa mlangoni, amekuwa mdogo kama msichana, ngozi ya midomo imekuwa gamba. Hakuniomba kitu. Lakini lota ilikuwa imesuguliwa inang'aa, imewekwa kwenye kizingiti cha chumba cha ibada, tupu.

Sikulala vizuri. Nilijua nikilimiminia jiwe, kufikia jioni hekalu lote litakuwa limeambiwa kwamba Shiva ameniponya na mimi nimetubu. Figo ya Mahesh itaitwa prasad. Nafula hatatajwa. Nisipomimina, mwanamke mzee atakufa kiu nyumbani kwangu, na mimi nina jagi kando ya kitanda.

Asubuhi nilioga. Nikajaza lota kwa mkono wangu, mpaka ukingoni, Ba akiifuata kwa macho. Nilichukua na glasi mbili. Nikaketi mbele ya jiwe, naye akaketi karibu yangu, akaunganisha viganja.

Nikamimina katika glasi ya kwanza, nikainywa yote. Kwetu mtu haonji kabla ya Mungu. Nilimsikia Ba akivuta pumzi. Nikamimina iliyobaki katika glasi ya pili, nikaigeuza lota juu chini ili aone hakuna tone, nikampa glasi.

Alinitazama, akalitazama jiwe.

"Hukumpa," akasema.

"Ulisema nijaze kwa mkono wangu na nimimine. Hukusema wapi."

Midomo yake ilikwenda, nikajua anayarudia maneno ya nadhiri yake, moja baada ya jingine, kama mtu anayekagua kamba. Kisha akaishika glasi kwa mikono miwili na kunywa. Alikunywa kwa sauti, bila haya, maji yakimtoka pembe za mdomo yakashuka shingoni. Alipomaliza akanirudishia glasi nimwongeze.

Jiwe lilibaki kavu siku ile. Kesho yake, nikiwa kitandani, nilisikia maji yakianguka juu ya sinia, taratibu, kama zamani. Niligeukia upande wa pili, nikanyoosha mkono kwenye jagi langu.